Barakoa ya Mtani

Treni ilipopita chini ya lango la Lihanje, barakoa ya Hyasinta Mapunda iliwaka taa nyekundu, na barakoa hiyo ilikuwa imevaliwa na mtu mwingine.

Behewa zima liliona. Taa ya shavuni si kitu cha kufichika. Shirika liliiweka pale makusudi, kubwa kama kifungo cha koti, ili jirani amchunge jirani. Ikiwa kijani, unaendelea na safari yako. Ikiwa nyekundu, una homa ya pafu, na shavu lako limeshakusema kabla hujafungua mdomo. Shavu lililowaka lilikuwa la mzee Galus Kikoti, mfanyabiashara wa mbao kutoka Mafinga, mtu wa miaka sitini na ushee, mwenye tumbo na kicheko. Lakini namba iliyochapwa kwenye ukingo wa barakoa haikuwa yake. Ilikuwa ya mwanamke aliyeketi mbele yake, magoti yao yakikaribia kugusana.

Breki zikashika. Viazi vya kuchemsha vya mtu vikamwagika na kubingirika sakafuni mpaka mlangoni. Kipaza sauti kikasema, kwa sauti ya yule dada asiyechoka:

"Abiria wa kiti cha kumi na nane ashuke Lihanje. Treni itaondoka akishashuka. Shirika la Reli ya Nyanda linamtakia afya njema."

Kiti cha kumi na nane kilikuwa cha Hyasinta.

Mzee Kikoti aliivua barakoa ile kama mtu aliyeshika sufuria ya moto, akaitupa mapajani mwa mwanamke. Kisha akanyoosha mkono, akaitoa yake usoni mwa Hyasinta, akajivika. Ya kwake ilikuwa kijani. Hakusema neno. Na hili lilikuwa jambo la ajabu, maana tangu Njombe mzee yule hakuwa amenyamaza hata mara moja.

Gebhard Komba, mkaguzi wa barakoa wa behewa hilo, alikuwa amesimama mlangoni na kishikwambi mkononi. Alijua kila kitu. Yeye ndiye aliyecheka kuliko wote.

*

Ilianzia Njombe. Pale treni husimama kwa muda wa kutosha watu kunywa chai, na kwa muda huo sheria inaruhusu barakoa kushushwa, kwa kuwa hata shirika halijapata njia ya kumlisha mtu kupitia pua. Ilikuwa Juni. Vioo vilikuwa vimeingia ukungu na kila kikombe kilifuka moshi.

Mzee Kikoti alipanda pale na pombe ya ulanzi kichwani. Barakoa husoma pumzi langoni tu, na lango la Njombe lilikuwa limefungwa kwa matengenezo, kwa hiyo hakuna kilichosoma pumzi yake. Alipewa barakoa mpya pamoja na tiketi, taa yake ikiwaka kijani kama zinavyowaka zote zikitoka ghalani. Akaketi, akasikia mwanamke kijana na mama mtu mzima wakisemezana Kingoni, uso wake ukachangamka.

"Kamwene! Kumbe shirika limenikalisha na mateka wangu?"

"Mateka wa nani?" yule mama mtu mzima akajibu bila kugeuza shingo. Aliitwa Bi Xaveria, mama mkwe wa Hyasinta. "Mhehe, vuta miguu yako huko. Tangu mjengewe reli, kijijini kwetu mbwa wanapungua."

Behewa likacheka.

"Mama, mbwa wenu wamekimbia wenyewe. Wamejifunza kwa babu zenu. Yuko Mngoni mmoja alianza kukimbia kwenye ile vita yetu, mpaka leo hajafika kwake."

"Hakukimbia. Alikuwa anawahi vita vingine. Ninyi tulikuwa tumeshawamaliza."

"Sikia huyu! Mama, ungekuwa kijana ningekuoa kwa adhabu."

Hata mwanamke kijana alicheka, na huyo hakuwa amecheka tangu Makambako. Mumewe, Ditrick, alikufa kwa homa ya pafu mwaka uliopita. Mtoto wao, Bosko, wa miaka minne, alikuwa Songea kwa ndugu wa baba yake, na alasiri ya siku hiyo ukoo ulikuwa unakaa kuamua alelewe na nani. Bi Xaveria alikuwa amekuja mwenyewe Makambako kumchukua mkwewe, waende pamoja kikaoni. Njia nzima walikuwa wamekaa kama watu wawili waliobeba mzigo mmoja na kila mmoja anaona mwenzake habebi vizuri.

Utani wa Wangoni na Wahehe ulitoka vitani. Walipigana hadi wakachoka, wakabakiwa na matusi, na matusi hayo wakayageuza kuwa undugu. Mtani anaweza kukuvua kofia, kula chakula chako, kuja msibani kwako na kulala kwenye jeneza akidai alipwe ndipo atoke. Wewe huruhusiwi kukasirika. Aliyekasirika ndiye mwenye aibu.

Kwa hiyo mzee Kikoti aliponyakua barakoa ya Hyasinta kutoka mapajani mwake, hakuna aliyeshtuka.

"Nimeteka!" akapiga kelele, akaivaa. "Nitazameni, nimekuwa Mngoni!" Akaanza kukimbia akiwa ameketi, viwiko vikienda mbele na nyuma. "Mbio hizo! Mama, Mhehe amefika wapi? Bado ananifuata?"

"Basi na mimi ni Mhehe," Hyasinta akasema. Akaichukua ya mzee iliyokuwa dirishani, akaivaa. "Mbwa wako wapi? Nina njaa."

Watu walicheka hadi chai ikawatoka puani. Komba alikuwa anapita.

Kanuni aliijua kama anavyojua jina lake. Barakoa ni moja na mtu ni mmoja. Ikivaliwa na mtu wa pili, mkaguzi anabonyeza Badiliko la Barakoa kwenye kishikwambi, anazichukua zote mbili, anatoa mpya. Kazi ya dakika moja. Lakini mzee Kikoti alimwona, akasoma jina kifuani mwake.

"Komba! Mngoni mwingine! Njoo uniokoe au unikamate, nimevaa damu yako usoni."

Watu wote wakamgeukia. Mkaguzi kutoka pwani asingekuwa na tatizo. Angesema "mzee, toa hiyo" na kuendelea na kazi. Lakini Komba alikuwa mzaliwa wa Songea, na Mngoni anayejificha nyuma ya sheria mbele ya Mhehe atasimuliwa kwenye kila kilabu cha ulanzi kuanzia Makambako hadi Mbinga. Alilijua hilo pia kama anavyojua jina lake. Akacheka, tena kwa nguvu.

"Mzee, ukifika Songea umrudishie mtoto wa watu. La sivyo nakutoza ng'ombe."

"Ng'ombe? Nitakupa mbwa!"

Komba akaenda kunywa chai. Nyuma yake kicheko kiliendelea, na treni ikaanza kushuka kuelekea Lihanje.

*

Lihanje si mji. Ni mistari ya nyumba za bati la buluu katikati ya misonobari, uzio wa waya, na jukwaa lenye mlango mmoja wa njano. Mlango huo unamjua mtu kwa barakoa yake. Namba nyekundu ikisogea, unafunguka. Ikishapita, unajifunga, na hapo ndipo breki za treni zinaachia. Waliobuni mpango ule walikuwa wamefikiri vizuri sana. Hawakuhitaji askari. Askari ni abiria wenyewe.

"Ashuke, jamani," mtu akasema kutoka nyuma.

"Kiti cha kumi na nane! Tunachelewa!"

Hyasinta alisimama, barakoa nyekundu mkononi. "Si yangu! Yaani ni yangu, lakini aliivaa mzee huyu. Tulibadilishana Njombe. Wote mmeona, mlikuwa mnacheka!"

Mama mmoja mwenye kikapu cha maparachichi alianza kuyapanga upya. Kijana aliyekaa dirishani, ambaye Njombe alirekodi utani ule kwenye simu huku machozi yakimtoka, aliigeuza simu yake kifudifudi.

Hawakuwa watu wabaya kuliko watu wengine. Walijua kanuni tu, imebandikwa juu ya kila dirisha. Ikithibitika barakoa imebadilishwa, behewa zima linakatwa, linaachwa kwenye reli ya pembeni, na waliomo wanapimwa mmoja mmoja kwa siku kadhaa mpaka wajulikane wazima. Kila mmoja alikuwa na anakokwenda. Mmoja anakwenda harusini, mwingine maparachichi yake yataoza. Huyu mwanamke alikuwa mmoja, nao walikuwa wengi.

"Mzee," Hyasinta akamgeukia Kikoti. "Mtani wangu. Sema."

Mzee alitazama buti zake.

"Mama," akamgeukia mkwewe, "mama, sema wewe. Ulikuwa hapa hapa."

Bi Xaveria alijifunga khanga vizuri. Alikuwa anawahi kikao. Na kikaoni alikuwa na neno lake kuhusu mjukuu, na neno hilo lingekuwa jepesi sana iwapo mkwewe hatakuwepo.

"Mimi nilikuwa nimesinzia, mama Bosko," akasema.

Behewa lilisikia. Hakuna aliyetikisa kichwa.

"Dada," yule kijana wa dirishani akasema, bila ubaya kabisa, "shuka tu. Watakupima. Kama uko mzima watakuachia."

Komba alijua ni nini kinachofanyika nyuma ya mlango wa njano. Anayeingia na namba nyekundu hapimwi upya mpaka wiki tatu zipite, kwa sababu mashine imeshasema, na wataalamu wa Lihanje hawabishani na mashine. Analala kwenye ukumbi mmoja na wagonjwa, anavuta hewa waliyoitoa. Aliyeingia mzima hakai mzima muda mrefu. Kwa njia hiyo mashine haijawahi kukosea hata mara moja.

"Njoo huku nje tuongee," akamwambia Hyasinta.

*

Walisimama kwenye maungio ya mabehewa, baridi ikiingia kwenye mipira iliyochanika. Hyasinta alikuwa hana kitu usoni. Komba aliona kwa mara ya kwanza jinsi alivyo, uso mwembamba, midomo iliyopasuka kwa baridi. Kazi ile ilikuwa imemzoesha kuwajua watu kwa macho tu.

"Kaka yangu," alisema, "wewe uliona. Ulicheka."

"Niliona."

"Basi sema."

Kishikwambi kilikuwa kifuani mwa Komba, na kile kitufe kilikuwa pale pale, cheupe, kikubwa, kinachosubiri kidole gumba. Angebonyeza, akaweka jina lake kama shahidi, basi. Mzee angepelekwa wodini, behewa lingekatwa. Hyasinta angesubiri ndani ya behewa na wengine, apimwe, aonekane mzima. Kikao cha ukoo kingeahirishwa, maana Bi Xaveria naye angekuwa amefungiwa humo humo na bila yeye hakuna kikao. Kila mtu angelalamika, na wote wangefika.

Lakini mashine ingemuuliza Komba swali moja: uliona badiliko saa ngapi? Na jibu lilikuwa limeshahifadhiwa kwenye kamera iliyo juu ya choo, yeye mwenyewe akiwa amefungua mdomo wazi, anacheka. Kwa kosa dogo kuliko hilo mwenzake mmoja, Msigwa, alifungwa miaka miwili.

"Kuna njia mbili," Komba akasema.

Zilikuwa tatu.

"Ya kwanza, unashuka. Ya pili, naifungua pumzi yako. Mashine itaweka pumzi ya asubuhi, ile ya lango la Makambako, na hii ya sasa, zisomwe pamoja. Itaonekana ni za watu wawili."

"Fungua basi! Unangoja nini?"

"Inafunguliwa kwenye skrini ya behewa."

Hyasinta akageuka kuutazama mlango wa behewa.

Miaka ya mwanzo wakaguzi walikuwa wanazisoma pumzi za watu kimyakimya. Pumzi haina siri. Inatoa sukari, inatoa pombe, inatoa dawa unazomeza na ugonjwa unaouficha. Habari zikawa zinatoka. Mwalimu mmoja alifukuzwa kazi, mchumba mmoja akaachwa siku ya kutolewa mahari. Abiria wakaandamana na mabango, PUMZI YANGU NI YANGU, wakaenda mahakamani, wakashinda. Mahakama ikasema pumzi ya mtu isisomwe kwa siri tena. Shirika likatii neno kwa neno. Tangu siku hiyo pumzi husomwa hadharani, kwenye skrini kubwa, mbele ya abiria wote wakiwa mashahidi. Wale wa mabango walibaki midomo wazi.

Kwenye vishikwambi vya wakaguzi, hata hivyo, hakuna kilichofutwa. Rekodi za pumzi ziliandikwa tu juu, kwa herufi ndogo: kwa matumizi ya ndani.

"Skrini nzima?" Hyasinta akauliza. "Kila kitu?"

"Kila kitu. Mkweo amekaa pale chini yake." Kisha Komba aliinama, akashusha sauti kama mtu anayempa mwenzake pole. "Ya asubuhi niliiona, dada. Wiki ya kumi na moja."

Mkono wa Hyasinta ulikwenda tumboni, ukaondoka haraka kama umeungua.

"Hukutakiwa kuiona."

"Sikutakiwa."

"Umemwambia nani?"

"Sijamwambia mtu. Na sitamwambia. Ndiyo maana nimekuleta huku nje nikuulize, sikukurupuka tu kufungua."

Alisema hivyo kwa upole. Na la kutisha ni kwamba pale aliposimama alijiona mtu mwema. Alikuwa anatunza siri ya mwanamke. Alikuwa anampa nafasi ya kuchagua. Wakaguzi wangapi wangefanya hivyo?

"Ditrick ana mwaka tangu afe," Hyasinta akasema, macho yake yako kwenye reli chini. "Ni mtu mzuri, huyu wa sasa. Anataka kunioa, tunasubiri kikao kipite tu. Lakini wao wakijua leo, Bosko sitamwona tena. Yule mama atasema nilikuwa nangoja mwanawe afe."

"Atasema."

"Na nikishuka?"

"Utapimwa. Ukiwa mzima utatoka."

"Wanatoka?"

"Wanatoka," Komba akasema.

"Na hakuna njia nyingine? Kaka, nakuuliza kama ndugu yangu. Wewe ni wa kwetu. Hakuna nyingine kabisa?"

Kidole gumba cha Komba kilikuwa kinagusa ukingo wa kishikwambi. Kitufe kilikuwa karibu kama kidole na kucha.

"Hakuna."

Ndani ya behewa walikuwa wameanza kupiga viti. *Ashuke! Ashuke!* Walipiga kwa mdundo mzuri kabisa, kama watu wa kwaya.

"Basi usifungue," Hyasinta akasema.

Komba alishusha pumzi ndefu. Barakoa yake, iliyokwisha kusomwa langoni, iliipokea kama pumzi ya mtu mzima asiye na tatizo lolote. Taa yake ilikuwa kijani.

*

Hyasinta alirudi ndani kuchukua mfuko wake. Watu wakaacha kupiga viti, wakampisha njia pana. Wengine waligeuza nyuso dirishani ili asiwapumulie, yeye mzima, na hawakumgeuzia uso yule mzee.

Mfukoni alitoa sweta ndogo ya buluu, aliyoifuma mwenyewe, shingo imevutwa kidogo upande mmoja. Akamwekea mkwewe mapajani.

"Mpe Bosko. Mwambie nakuja."

Bi Xaveria aliipokea kwa mikono miwili, kama inavyopasa kupokea kitu. Hakuinua uso.

Ndipo mzee Kikoti aliposimama. Alishika kiti cha mbele, akayumba.

"Mkaguzi. Ngoja kwanza. Huyu mtoto ni mtani wangu."

"Kaa, mzee," Komba akasema.

"Nasema ngoja. Ile barakoa, ni mimi ndiye niliye..." Kikohozi kilimkata. Kilikuwa kikavu, kifupi, kinachotoka mbali. Komba alikijua kikohozi kile. Alikuwa analipwa mshahara kwa ajili ya kukijua.

"Mzee Kikoti, umekunywa. Kaa chini."

"Nimekunywa, ndiyo, sijafa. Mimi ndiye niliyeivaa. Nilimteka kwa utani, nimrudishe kwa kweli. Mtani hamuuzi mtani wake, bwana! Wewe Mngoni gani, usiyejua hilo?"

Hyasinta aligeuka. Kwa muda mfupi uso wake ulifunguka. Ilikuwa imetosha. Neno la mhusika mwenyewe, mbele ya mkaguzi. Komba alihitaji kufanya nini? Kubonyeza.

Akaweka mkono kwenye bega la mzee na kumsukuma. Hakutumia nguvu nyingi, kwa sababu haikuhitajika nguvu nyingi.

"Mzee mlevi, jamani. Msaidieni akae."

"Kaa, mzee!" behewa likapokea. "Utatuletea balaa wewe! Utani umeisha!" Mtu akamvuta koti kwa nyuma. Mzee akaanguka kitini, akabaki anahema, mkono mmoja umeinuliwa kuelekea Hyasinta kama anayetaka kumrudishia kitu na hana.

"Niwie radhi, mateka wangu," akasema.

"Si neno, mtani," Hyasinta akajibu. Maana huruhusiwi kukasirika.

Alivaa barakoa nyekundu, kwa sababu bila hiyo mlango haufunguki. Akatembea hadi jukwaani. Mlango wa njano ulimjua, ukafunguka, ukajifunga. Breki zikaachia.

"Asanteni kwa uvumilivu wenu," kipaza sauti kikasema. "Kituo kinachofuata ni Madaba."

Behewani mtu akaomba dirisha lifungwe, baridi inaingia. Wakalifunga. Wakayafunga yote. Mzee Kikoti akakohoa ndani ya barakoa iliyokuwa kijani kwa pumzi ya mwanamke mzima, na ambayo haitasoma tena hadi lango la Songea. Akaivua ili apate hewa. Komba alimwona ameivua. Alipita, akaenda kusimama mlangoni.

*

Lango la Songea lilimsoma mzee Kikoti mchana ule, akawaka. Kufikia hapo abiria wenzake walikuwa wamekwisha kuvuta hewa yake njia yote kutoka Lihanje, vioo vimefungwa, wakijipongeza kwa kuwahi.

Mzee alikufa siku ya kumi na moja. Walioambukizwa katika behewa lile walikuwa kumi na saba, na kati yao walikufa watano. Mama wa maparachichi alikuwa mmojawapo. Kijana wa dirishani alipona, lakini hawezi tena kupanda ngazi bila kukaa katikati.

Bi Xaveria aliwahi kikao. Alisema neno lake, akapewa mjukuu, akamvalisha ile sweta kwa mikono yake. Alikufa wiki iliyofuata, naye ni mmoja wa wale watano. Msibani kwake hakuja Mhehe hata mmoja kulala kwenye jeneza wala kudai chochote. Alizikwa kimya, kama mtu asiye na watani.

Hyasinta aliugua Lihanje katika wiki ya pili. Mimba ikatoka. Alitoka nje na pafu moja linalofanya kazi. Siri yake, ile ambayo Komba hakumwambia mtu, shirika lilikuwa limeshaipeleka Songea siku ile ile aliyoshuka, kwa sababu kanuni inataka familia ya mgonjwa itumiwe taarifa kamili ya pumzi zake zote za safari. Ilisomwa kikaoni kwa sauti kabla kikao hakijafungwa. Bibi alipokufa, Bosko alipewa baba yake mdogo, aliyehamia naye Tunduru. Mama yake hajui ni nyumba gani.

Mwanamume aliyetaka kumuoa alikwenda Lihanje mara mbili, akasimama nje ya uzio. Mara ya tatu hakwenda.

Gebhard Komba hakupoteza chochote. Hakuulizwa swali. Mwisho wa mwaka alipandishwa cheo, akakabidhiwa mabehewa matatu badala ya moja.

Watu sita walikufa, ukimhesabu na mzee. Mimba moja ilitoka. Mtoto mmoja yuko Tunduru na sweta iliyoanza kumbana. Barakoa ile ilirudishwa ghalani, ikaoshwa, ikafutwa namba, ikapewa abiria mwingine ikiwaka kijani.